Tunahesabu Chupa, Hatuhesabu Sahani

Jumapili ya kipaimara, ibada ilipokwisha na mnada wa sadaka za mavuno ulipofungwa, familia moja ya usharika wetu hapa Tarime ilikodi Noah ikaenda Musoma kula samaki. Walikuwa saba: baba, mama, bibi mzaa baba, kijana aliyebarikiwa asubuhi ile, wadogo zake wawili, na shangazi aliyekuja kutoka Mugumu kwa ajili ya sherehe. Walivuka Daraja la Kirumi, wakakata kona pale Makutano, na kabla ya saa kumi walikuwa wameketi ufukweni mwa Ziwa Viktoria, kwenye hoteli ya kawaida ya viti vya plastiki, ambako mteja huonyeshwa sinia la sato wabichi akachagua mwenyewe.

Shangazi alipiga picha. Kwa furaha yake akaituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Ndani ya picha kulikuwa na watu saba wanaocheka, sahani saba, soda tano, na mbele ya baba chupa mbili za bia.

Jumatatu simu zetu zilianza kuita. Wiki mbili baadaye baraza la wazee likakaa, na yule baba akaitwa. Sisi tunaoandika haya ndio tuliokuwa tukiongoza kikao kile. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani tunawanyooshea wengine kidole tukiwa tumekaa pembeni. Tulikuwepo, na wakati tulipopaswa kusema tulinyamaza.

Maswali aliyoulizwa yalikuwa haya: Je, ni kweli ulikunywa? Zilikuwa chupa ngapi? Watoto walikuwepo? Ilikuwa siku ya Bwana? Alijibu yote kwa ukweli, bila kubabaika. Kisha akauliza swali lake moja, akiwa amesimama, kofia mkononi: "Wazee wangu, mlipokuwa mkinikuta mnadani nakula nyama peke yangu, mlinisalimia. Leo nimekula na wanangu, mnaniita. Naomba mnieleze."

Hakuna aliyemweleza. Baraza likaamua asikaribie Meza ya Bwana hadi kikao kingine. Kwa kuwa hakupata jibu siku ile, tunajaribu kulitoa sasa, ingawa tumechelewa.

Tuanze na mnada, maana msomaji wa Tarime na Serengeti anajua tunachokisema. Siku ya mnada wa ng'ombe mwanamume hutoka nyumbani alfajiri na fahali au na fimbo tu. Mchana ng'ombe ameuzwa, fedha ziko mfukoni, na moshi wa nyama choma umetanda uwanja mzima. Wanaume hukaa wanne au watano kwenye benchi, kilo zinapimwa, kichuri kinaletwa kwenye bakuli, chumvi na pilipili juu ya ubao. Wengine hunywa bia, wengine soda. Jioni mtu anarudi na kilo moja ya sukari na kipande cha sabuni, na nyumbani anaikuta mboga ileile ya jana. Watoto hawaulizi kitu. Wamekwisha kujua.

Tunaijua habari hii kutoka ndani. Baba aliyetuzaa alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na kwa habari ya kileo hakugusa hata tone maisha yake yote. Watu walimsifu kwa hilo, na walikuwa na haki ya kumsifu. Lakini kila siku ya mnada alikula nyama na wenzake, na sisi watoto wa nyumba ile tulikula ugali kwa mlenda. Aliporudi tulikimbilia kumpokea fimbo, kisha tulimshika mikono. Wageni walidhani ni heshima. Tulikuwa tunainusa. Mikono yake ilikuwa inanukia nyama, na mdogo wetu mmoja alikuwa na kawaida ya kuishika mpaka mama amwite mara ya pili. Baba hakuwahi kuitwa kwenye baraza lolote. Yeye ndiye aliyewaita wengine.

Hatumsemi marehemu kwa ubaya. Alitusomesha, na tumefika chuo cha theolojia kwa jasho lake. Tunachosema ni kwamba kanisa lilimfundisha kuogopa chupa, wala halikumfundisha kuona sahani ya mwanawe. Akaishi mwenye haki kwa kipimo alichopewa.

Kipimo hicho kilitoka wapi? Wengi wetu tunadhani kimeshuka na Injili yenyewe. Sivyo. Ukristo wa Mara umelelewa sana na majirani zetu. Wamenoniti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, Waadventista walikuwa wamekwisha kutangulia upande wa ziwa, na wote hao walikataza pombe kabisa. Kisha ukaja uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mipaka na madhehebu, na ndugu waliookoka waliacha mitungi yao hadharani, wakaungama, wakarudisha mali za watu. Sisi Walutheri tulikuta shamba limekwisha kulimwa, tukavuna desturi pamoja na watu. Hatuna sababu ya kuidharau. Desturi ile iliokoa nyumba nyingi kutoka kwenye ulevi. Lakini ni desturi. Si ungamo la imani yetu, na mtu anayemzuia mwenzake Chakula cha Bwana lazima ajue tofauti ya hayo mawili.

Martin Luther, ambaye jina lake tunalibeba, aliishi Wittenberg katika jengo lililokuwa zamani monasteri, na mke wake, Katharina von Bora, alikuwa akipika bia ya nyumba humo humo, kwa mikono yake, kwa ajili ya mezani. Na meza yenyewe ilikuwa imejaa: watoto wao, yatima wa ndugu, wanafunzi, wageni waliokimbia mateso. Luther huyo huyo aliwakemea Wajerumani wenzake kwa ulevi kwa maneno makali ambayo leo mchungaji akiyasema mimbarini ataandikiwa barua. Hakuona mgongano. Alijua tofauti ya mtu aliye mezani na watu wake na mtu aliyezama ndani ya mtungi.

Siku hizi tunasikia kwamba Dar es Salaam na Nairobi ziko hoteli zinazopika bia yao wenyewe, mitambo ikionekana nyuma ya kioo huku watu wakila, na vijana waliorudi likizo wanatusimulia kama jambo jipya. Wazee wetu wangecheka. Huku kwetu karibu kila boma lilikuwa na kiwanda chake, na mpishi alikuwa mama. Mtama na ulezi vililowekwa, vikaota, vikaanikwa, vikasagwa, na siku ya siku wazee wakauzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ilikuwa pombe ya mavuno, ya mahari, ya kupatanisha waliogombana. Kijana hakukaribia. Ulevi ulikuwepo, hatutaki kuipamba zamani. Lakini mtungi mmoja wa wote si sawa na chupa ya mtu mmoja gizani, wala chakula cha boma, ambacho kila jiko lilipeleka fungu lake, si sawa na benchi la mnadani. Wanaotuambia kwamba mwanamume kula mbali na wanawe ni mila wanaisingizia mila.

Mila, maadamu tumeitaja. Wasomaji wanajua nini hutokea wilaya zetu mwezi wa Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Shule zinafungwa, na mabinti wanaokataa kukeketwa wanakimbia usiku, wengine hadi kituo cha Masanga, wengine hadi nyumba salama ya Mugumu. Na kwa wale wasiokimbia, pombe inapikwa, ng'ombe anachinjwa, watu wanakula na kucheza barabarani. Washarika wetu wamo. Tumewaona kwa macho yetu. Wengine walikuwa na bakuli mkononi, na kwa kuwa walikunywa soda walijiona salama. Je, ni wangapi tumewaita barazani kwa sababu walikula nyama ya sherehe ile? Tumejaribu kukumbuka, katika miaka yote ya utumishi wetu hapa. Hatumkumbuki hata mmoja. Lakini picha ya sato na chupa mbili ilitukutanisha usiku, wazee wanane, kwa saa tatu.

Hapo ndipo tunapokasirika, na tunaomba msomaji atuvumilie. Chupa inaonekana kwenye picha. Haimsumbui mkubwa yeyote wa ukoo, haigusi mahari ya mtu, wala haitaleta vijana wenye mapanga nyumbani kwa mchungaji. Ni dhambi rahisi kukemea. Tumeichagua kwa sababu ni rahisi.

Na hata hiyo chupa yenyewe hatuikemei kwa haki. Yuko mama mjane katika mtaa wetu mmoja wa pembeni ambaye hupika pombe ya mtama na kuiuza kwa vikombe uani kwake. Kwa hiyo amesomesha watoto watatu. Yeye haruhusiwi Meza ya Bwana; tangu zamani imesemwa hivyo, na sisi tulipokuja tuliikuta hivyo tukaiacha. Lakini bahasha yake ya ahadi ina namba kama ya kila mtu, na kila Jumapili mhasibu anaifungua, anahesabu, anaandika. Fedha yake haijawahi kutengwa. Kama kazi yake ni chafu kiasi cha kumzuilia mwili na damu ya Kristo, fedha yake iliezekaje paa la kanisa? Na tukumbuke kwamba divai tunayoimimina kikombeni asubuhi hiyo hiyo, anayozuiliwa yeye, ina kileo.

Turudi ufukweni, maana baraza halikuuliza lolote kuhusu ufukwe. Mama wa familia ile alimsimulia mama mchungaji, na mama mchungaji akatusimulia sisi, mambo ambayo yangetakiwa kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya idadi ya chupa. Samaki walichelewa. Hotelini kule sato hutolewa kwenye maji, akaparuliwa, akakatwa mbavuni, akakaangwa, na ugali unasongwa ukisubiriwa. Walikaa kama saa nzima. Ndani ya saa hiyo hapakuwa na kazi ya mtu yeyote. Bibi, aliyezaliwa mkoa huu wa Mara na kuzeeka humo, alikuwa hajawahi kuketi karibu na ziwa. Alivua viatu akaingiza miguu majini, na wajukuu wakamshika huku na huku. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imevutwa juu ya mchanga kati ya majabali. Baba aliwaonyesha ndege mnandi akizama na kuibuka, akawasimulia namna yeye mwenyewe alivyoshindwa kujibu maswali ya katekisimo siku yake ya kipaimara, mwinjilisti akamrudisha nyuma mwaka mzima. Kijana alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Alikuwa amemwogopa baba yake kwa miaka kumi na mitano, kumbe alikuwa mtu aliyewahi kufeli.

Na mama hakupakua. Alituambia jambo hili mara mbili. Chakula kilipofika kililetwa na mtu mwingine, kikawekwa mbele ya kila mmoja, bibi wa kwanza, na yeye akala kingali cha moto. Anasema hakumbuki Jumapili nyingine aliyokula ugali wa moto pamoja na mumewe.

Paulo, alipowaandikia Wakorintho barua ya kwanza, sura ya 11, alikuwa na kesi kama yetu: watu waliokutana kula, wengine wakatangulia na vyao, hata mmoja akabaki na njaa na mwingine akalewa. Angalieni anavyowataja. Mwenye njaa anatajwa kwanza. Na agizo analolitoa mwishoni ni kwamba wangojane wanapokusanyika kula. Sisi tumeichukua sura ile tukaisoma kila tunapoandaa Meza, tukamwona humo mlevi peke yake. Yule mwenye njaa hatujamwona. Ni mtoto wa mzee wa kanisa, amesimama uani ananusa mikono ya baba yake.

Tunajua tutajibiwa nini, na baadhi ya majibu hayo yana uzito.

Mzee mmoja tunayemheshimu alituambia: Mchungaji, mimi nilitolewa kwenye gongo. Nikiona chupa kwenye picha ya mkristo mwenzangu, koo langu linakumbuka. Huyu hatuna hoja ya kumshinda, wala hatutafuti. Sura ya 8 ya barua ile ile inasema kwa ajili yake. Nyumbani mwetu sisi hatunywi, na yeye ni mmoja wa sababu. Tumezika vijana wa gongo katika wilaya hizi, na kabla viroba havijapigwa marufuku Machi 2017 tulikuwa tunaokota vifuko vyake hata uani mwa kanisa. Yule baba wa Musoma, tulipozungumza naye faraghani, alikubali mara moja kwamba picha haikutakiwa kutumwa kule, na akaenda mwenyewe kwa mzee yule kumwomba radhi. Walikunywa chai pamoja. Jambo lingekuwa limekwisha pale, siku ya tatu, kwa kikombe cha chai, kama tungeanza kwa kumtuma mtu kwa mtu jinsi Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Tulianza kwa kusambaza picha.

Wengine wanasema: leo mbili, kesho kumi. Inawezekana. Pia inawezekana kwamba mtu anayekunywa mbele ya mama yake, mkewe na wanawe atatosheka na mbili, na kwamba anayejificha ndiye atakayefika kumi. Sisi tunaozunguka kutembelea nyumba tumeona zaidi hao wa pili. Marufuku yetu haijawaondoa wanywaji usharikani. Imewahamishia nyuma ya stendi, baada ya giza, ambako mke hayupo kusema inatosha. Jina la Serengeti limebandikwa kwenye chupa za bia nchi nzima, na siku ya mnada huziona hata Mugumu kwenyewe. Wanaozinunua si wapagani peke yao.

Na wako wanaosema kula hotelini ni anasa, ni mambo ya wenye fedha za Nyamongo. Wapendwa, fanyeni hesabu. Kilo za nyama za mnadani kwa mwezi mmoja, za mtu mmoja, zinatosha kukodi Noah. Na kama hazitoshi, hakuna anayelazimika kufika ziwani. Mti wa mwembe unatosha, na mkeka, na kilo moja ya nyama iliyofika nyumbani ikiwa mbichi.

Vijana wetu hukariri maelezo ya Katekisimo Ndogo. Yule kijana aliyakariri mbele yetu mwaka ule, bila kosa. Katika ombi la nne la Sala ya Bwana alieleza kwamba mkate wa kila siku si unga tu, bali na kinywaji, na nyumba, na mke, na watoto, na majirani wema. Katika amri ya nane alieleza kwamba jirani tumtetee, tumseme vizuri, na mambo yake tuyatafsiri kwa wema. Tulimpa alama zote. Siku kumi na nne baadaye aliwaona waliomfundisha wakimfanyia baba yake kinyume cha hayo yote mawili kwa mkupuo.

Kwa hiyo tunayoyataka tunayasema wazi, na tumekwisha kuyaandikia baraza. Uamuzi juu ya baba yule ufutwe. Yule mama mjane aitwe, asikilizwe habari za kazi yake na za watoto wake, na kama tunataka aache kupika, usharika umtafutie mtaji wa kazi nyingine kabla ya kumwambia neno. Kila mzee wa kanisa, kabla ya kuketi kumhukumu mtu kwa alichokunywa, aseme mbele ya wenzake mara ya mwisho alipokula chakula kimoja, mahali pamoja, na mkewe na wanawe wote. Sisi tutaanza. Na Desemba ijayo, yeyote atakayekula kwenye sherehe ya kumkeketa binti, awe amekunywa bia, soda au maji, aitwe kwanza kuliko wote.

Kikao ni Jumamosi hii. Hatujui kitakwendaje, wazee wawili wamekwisha kutuambia kwamba wataandika barua kwa mkuu wa jimbo.

Yule kijana, Jumapili iliyofuata hukumu, ilikuwa zamu yake ya kupokea Chakula cha Bwana kwa mara ya pili maishani. Wenzake wa darasa la kipaimara walipoinuka na kwenda mbele, yeye alibaki benchi la nyuma, karibu na mlango, ameketi na baba yake. Amefanya hivyo kila Jumapili tangu siku ile. Baba amemwambia aende. Anajibu kwamba anamngoja.